Skrini Pana na Mashavu ya Nyar Kisian

Lavender, mwenzangu wa studio ya picha, ameniomba nimwandikie namna ya kuhesabu pikseli, yeye na wale wawili wapya waliokalia kiti changu kabla hakijapoa. Nadhani alitarajia ukurasa mmoja. Lavender, mimi nimestaafu na sina haraka tena, kwa hiyo utasoma yote.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Unachukua pikseli za upana, unazizidisha kwa pikseli za kimo. Skrini ya kawaida ina 1920 kwa upana na 1080 kwenda juu, jumla 2,073,600. Skrini pana, kama ile iliyoko mezani kwenu sasa, ina 2560 kwa upana na 1080 zilezile kwenda juu, jumla 2,764,800. Toa ndogo kwenye kubwa, utabaki na 691,200. Hizo 691,200 ziweke pembeni, nitazirudia, maana ndizo zilizonifanya niandike.

Nilipoingia studio ile mara ya kwanza hakukuwa na pikseli wala skrini. Nilitoka Nyalenda kwa miguu nikiwa nimevaa viatu vya dada yangu, ambavyo vilikuwa vikubwa na vilinitangaza kabla sijafika mlangoni. Mwenye studio alikuwa Mzee Salim, mtu wa hapahapa Kisumu ambaye babu yake alikuja na reli kutoka pwani. Nilidhani atanipa kamera. Alinipa ufagio, na nilipomaliza kufagia akaniketisha mbele ya kamba ambayo picha zilianikwa zikauke, akaniambia nitazame nyuso mpaka nizichoke, halafu nianze tena. Nilifanya kazi hiyo siku nyingi. Nilijifunza kwamba watu wengi shavu moja limejaa kuliko la pili, na kwamba mtu aliyetoka kufiwa hata akicheka macho yake hayachangamki.

Chumba cha giza kilinuka siki. Tulikuwa na taa nyekundu, sinia tatu za dawa, mashine ya kukuzia picha ambayo Mzee Salim aliifunika kwa kitambaa kama mtu anavyofunika ugali, na kisu cha kukatia karatasi ambacho kila mmoja wetu alikuwa na kovu lake. Mle ndani ndimo nilimojifunza sheria ya studio. Bwana arusi mmoja mfupi alikuja kuomba picha yake irefushwe kidogo, angalau amfikie bibi arusi masikioni. Fundi mwenzangu alijua ujanja wake: unainamisha ubao unaoshika karatasi chini ya mashine, na mtu anarefuka. Akafanya hivyo, na kwa kweli yule bwana alitoka mrefu, amependeza. Mzee Salim aliitazama picha ile, akaichana vipande viwili, akasema maneno niliyoyasikia tena mara nyingi kuliko salamu zake.

“Uso wa mtu ni amana. Hatuukati, hatuuvuti.”

Yule bwana arusi alitoka na picha ya kimo chake. Nasikia ndoa ilidumu.

Kompyuta ya kwanza ilipokuja, skrini yake ilikuwa na pikseli 640 kwa 480. Zidisheni wenyewe: 307,200. Tuliizunguka kama watu wanaoangalia gari jipya la jirani. Mzee Salim, ambaye macho yalikuwa yameanza kumchosha, alitaka kujua pikseli ni nini hasa, na sikuwa na jibu la kitabu. Nikamwambia afikirie omena walioanikwa kwenye wavu kule ufukweni, mmoja mmoja, safu kwa safu. Kila omena ni pikseli moja, ana rangi yake na mahali pake. Ukisimama mbali unaona tandiko moja la fedha, ukisogea unaona samaki. Akauliza, je, mtu akiwa na omena walewale na wavu mkubwa zaidi? Nikamjibu kwamba patakuwa na nafasi katikati, na kompyuta itazijaza kwa kukisia. Hakupenda neno hilo, kukisia. Alisema kumbe hata mashine inaweza kuinamisha ubao.

Mzee Salim alipofariki alizikwa siku hiyohiyo, kama ilivyo desturi ya Waislamu, bila kijitabu cha mazishi wala picha, yeye aliyewachapia picha wafu wa mji huu mzima. Nilirudi studio nikakaa chumba cha giza bila kuwasha hata ile taa nyekundu. Nilimlilia kama baba. Kazi iliendelea chini ya mwanawe. Kuhusu vyeo na mishahara sitaandika kitu. Tuseme tu kwamba mshahara wangu haukuwahi kuwa na pikseli nyingi.

Wale wapya wawili, mmoja wenu si wa huku, kwa hiyo niseme jambo ambalo Lavender analijua. Kazi yetu kubwa ni vijitabu vya mazishi, na picha ya marehemu kwetu haichaguliwi na mtu mmoja. Anakuja mume au mke, watoto, mashemeji, shangazi mmoja mwenye sauti, mtu wa kanisa, na jirani ambaye sababu yake ya kuja ni kwamba gari lilikuwa na nafasi. Wote lazima waone na wote lazima wakubali, kwa sababu kijitabu kitashikwa na kijiji kizima na lawama ya picha mbaya haizikwi pamoja na marehemu. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hawakuwahi kukaa mbele ya skrini na watu tisa wakichagua picha ya kaka yao. Kwenye skrini ya kawaida walibanana nyuma yangu wakinipumulia shingoni, na aliyekuwa nyuma kabisa alikubali picha ambayo hakuiona, kisha akalalamika mazishini.

Ndiyo maana Lavender alitaka skrini pana. Mimi nilipinga. Nilichukua kalamu nikamwonyesha kwamba ipo skrini ya kawaida yenye upana huohuo wa pikseli 2560, lakini kimo chake ni 1440, jumla 3,686,400. Ile pana inapungukiwa na 921,600. Kwa hesabu, nilimwambia, hiyo yako haijapanuliwa, imekatwa kichwa tu halafu ikapewa jina zuri. Nilikuwa sahihi na nilijiona sahihi, jambo ambalo ni baya zaidi. Lavender alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu zote.

“Mama, pikseli haziwezi kutoka Katito kuja kuona picha,” alisema. “Ni watu wanatoka.”

Skrini pana ikanunuliwa. Tuliweka benchi refu mbele yake, na siku ya kwanza shangazi mwenye sauti aliketi akaona kila kitu bila kusimama, akasifu. Nami nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimepona shingo.

Sasa nije kwa Mzee Okumu. Alikuja na watu wake kutoka upande wa Katito, mazishi ya mkewe yakiwa Jumamosi, na kijitabu kilipaswa kwenda kwenye mashine ya kuchapia siku ileile waliyokuja. Mkewe alikuwa mzaliwa wa Kisian, na maisha yake yote ya ndoa aliitwa Nyar Kisian, binti wa Kisian, jinsi tunavyowaita wanawake huku kwa jina la kwao walikotoka. Aliugua muda mrefu. Aliyemtunza ni Beryl, kitindamimba wao, aliyeacha duka alilokuwa akiuza akarudi nyumbani kumlisha mama yake kwa kijiko na kumwosha.

Walileta albamu. Mafuriko yalikuwa yameingia nyumbani kwao wakati mmoja, na picha zilikuwa zimegandana. Ukipata albamu ya namna hiyo usibandue kwa nguvu. Iloweke kwenye maji safi, baridi, uiache ijiachilie yenyewe. Hivyo ndivyo Mzee Salim alivyonifundisha. Nililoweka, nikasubiri, nikapata karatasi moja iliyokubali kuachana na mwenzake. Uso ulikuwa umeyeyuka. Kilichobaki ni gauni la maua na mkono ulioshika mkono wa mtoto. Beryl aliitazama akasema yule mtoto ni yeye.

Kwa hiyo picha iliyokuwepo ni moja, aliyoipiga Beryl kwa simu yake mama akiwa ameketi mlangoni wakati wa ugonjwa. Ilikuwa picha nzuri ya mtu mgonjwa. Macho yalikuwa hai na kulikuwa na tabasamu linaloanza, lakini mifupa ya mashavu ilikuwa imetangulia mbele. Lavender aliipanga kwenye ukurasa pamoja na msalaba na jina, na familia ikaketi benchini. Ndipo stima ikapotea.

Iliporudi na kompyuta kuwaka, haikukumbuka kwamba imeunganishwa na skrini pana. Ilitoa picha ya kawaida, 1920 kwa 1080, na skrini, kwa uroho wake, ikaivuta pande zote mbili mpaka ikajaa. Mtaiona hali hiyo mara nyingi. Alama zake ni rahisi: duara linakuwa yai lililolala, herufi zinanenepa. Mimi niliona msalaba umekuwa mfupi na mpana. Lavender naye aliona, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kipanya.

“Wacha hapo,” alisema Mzee Okumu.

Tangu waingie hakuwa amesema kitu ila salamu. Sasa aliinuka, akaenda hadi mbele ya skrini, akasimama karibu sana. Mkewe alikuwa amepanuka kwa theluthi moja. Mashavu yalikuwa yamejaa, mabega yamerudi, shingo imepata nyama. Yule shangazi mwenye sauti, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alishika mdomo wake.

“Huyu ndiye,” Mzee Okumu alisema. “Nyar Kisian mwenyewe. Huyu ndiye nilioa.”

Beryl alikuwa mwisho wa benchi. Alisema hapana, na hakusema kwa kupaza sauti.

“Baba, huyo si Mama. Mimi ndiye nilikuwa namwosha. Mimi najua uso yake.”

“Wewe unajua ya juzi.”

Lile neno lilimwumiza, niliona lilivyomwingia. Mtu ameuacha ujana wake kando ya kitanda, halafu baba yake mbele ya ukoo anachagua uso mwingine, kana kwamba ile miaka haikuwepo. Na baba naye alikuwa amengoja miaka hiyohiyo kumwona mkewe, akamwona kwa sekunde chache kwenye skrini ya studio, na sasa anaambiwa siye. Mashemeji wakaanza kugawanyika. Wengine walisema kitabu kitoke na ile iliyojaa, inapendeza. Wengine walisema watu watauliza. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na mvi.

Niliona ni haki nimweleze Mzee Okumu ukweli. Nilimwambia kwamba kompyuta imetuma pikseli milioni mbili na kitu, na skrini ina nafasi ya laki sita na elfu tisini na moja na mia mbili zaidi. Hizo za zaidi hazina habari yoyote ya mkewe. Skrini imezijaza kwa kukisia, ikitazama tu jirani zake. Yale mashavu, nilimwambia, hayakutoka kwa mama, yametoka kwenye makosa ya mashine.

“Nimeelewa,” alisema. “Mimi si mtoto. Imekosea. Lakini imekosea vizuri.”

Nimeeleza pikseli kwa watu wengi na hakuna aliyewahi kunijibu hivyo. Nilitaka kulia, nikajifanya natafuta miwani.

Niliirudisha kompyuta kwenye kipimo chake cha haki, 2560 kwa 1080. Mama akarudi kuwa mwembamba, na Mzee Okumu akageuza uso. Lakini picha ilipojirekebisha, upande wa kulia wa skrini ulibaki wazi, kwa sababu picha ya kawaida haiwezi kuijaza skrini pana isipovutwa. Niliitazama ile nafasi. Kitu kimoja mkijue: ukiiambia kompyuta ihifadhi kinachoonekana, haikupi ile iliyovutwa, maana yenyewe haijui kwamba skrini imevuta. Aliyemtaka Nyar Kisian mwenye mashavu ilimbidi amvute kwa mkono wake, kwa kusudi. Nilimsikia Mzee Salim waziwazi kana kwamba yuko chumba cha giza. Hatuukati, hatuuvuti. Nikamjibu moyoni kwamba uso ni amana, sawa, lakini hii amana ni ya nani, ya mashine au ya mumewe? Nikachukua nakala, nikaongeza upana kwa theluthi moja, kimo nikakiacha palepale, nikaikata pembeni mpaka ikabaki yeye tu, nikaiweka kwenye ile nafasi.

Wakawa wawili pamoja, Nyar Kisian wa Beryl na Nyar Kisian wa mzee. Kwenye skrini ya kawaida ningelazimika kuwaonyesha mmoja mmoja, na kila aliyeondoka angeonekana ameshindwa. Kwenye ile pana waliketi kama dada wawili waliokuja kutembea. Mzee Okumu alimtazama huyu, akamtazama yule, akarudi tena kwa huyu. Beryl alikuwa amekunja mikono na anatazama sakafu.

“Kwa kitabu weka ya Beryl,” mzee alisema hatimaye. “Watu walikuja kumwona akiwa mgonjwa, wakikuta mwingine watasema tunaficha. Na huyu mtoto amechunga mamake. Hiyo sura ni kazi yake. Hii ingine weka kwa simu yangu. Hii ni yangu tu.”

Beryl alilia pale, na baba yake akaenda kuketi karibu naye mwisho wa benchi. Lavender alipeleka ukurasa kwenye mashine. Mimi nilimtumia mzee picha yake. Ilikuwa simu ndogo, na picha ikakaa katikati ya kioo kama ukanda mwembamba, mashavu na yote. Aliitazama, akaitia kwenye mfuko wa shati upande wa moyo, akaniambia asante, Mama, na akasahau kofia yake ambayo tulilazimika kumkimbizia hadi barabarani.

Wiki zangu za mwisho kazini zilikuwa za kuaga na kula keki, jambo linalochosha kuliko kazi. Nilikuwa nafungasha vitu vyangu, miwani ya akiba na kile kitambaa cha Mzee Salim cha kufunikia mashine, Beryl alipoingia peke yake. Nilidhani ana malalamiko ya kijitabu, labda jina la mjukuu liliachwa. Aliketi benchini palepale mwisho, tukajuliana hali. Alisema baba hajambo, anakula, na kila asubuhi anaisalimia simu kabla ya kumsalimia mtu yeyote. Alisema siku moja alipewa ile simu aweke krediti, na ile picha ikatokea kiooni.

“Mama,” alisema, “ile ya Baba bado iko?”

Nikamwambia iko.

“Nilikuwa nimesahau alikuwa na mashavu. Nimemwosha ile sura mpaka nikasahau ingine. Na kwa ile picha ya maji, ile ameshika mkono yangu, lazima alikuwa hivyo.” Akatazama mlango. “Usimwambie Baba. Atasema ameshinda.”

Niliahidi. Niliifungua kwenye skrini pana, na yeye hakuisogelea, alibaki benchini akitazama. Kisha nikamtumia. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho kwenye meza ile, Lavender, kama ulikuwa unajiuliza kwa nini siku hiyo nilikataa keki. Beryl aliipokea, akaweka vidole viwili juu ya kioo cha simu na kuvitanua, akavitanua tena, mpaka gauni likatoka nje, mlango ukatoka nje, na yakabaki mashavu peke yake yamejaa kioo chote. Picha ilikuwa na pikseli zake na zilikuwa zimekwisha zamani. Sikumwambia kwamba kuanzia hapo simu ilikuwa inakisia tu.